Pawaso iliyoongezwa nguvu: dalili, chanzo, na wakati wa kuweka spana chini

Karibu kila pawaso, yaani msumeno wa injini, inayofika kwenye karakana yangu, chumba kimoja nyuma ya nyumba hapa Nakuru, imeshapitia mikono miwili au mitatu. Elburgon walitoboa ekzosi, Njoro wakang'oa gasketi ya chini ya silinda, kisha mtu akaweka pistoni ambayo hata mwenye mashine hajui ilitoka wapi. Anaishusha kwenye boda boda, anasema, "Fundi, imeanza tabia," kisha ananiachia fumbo.

Mashine ilivyotoka kiwandani husamehe mengi. Ukikosea oili kidogo, au filta ikichafuka, itanung'unika tu na kuendelea kupasua mbao. Iliyoongezwa nguvu haina msamaha huo, kwa sababu inachoma moto mwingi zaidi kwenye chuma kilekile. Ndiyo maana nina sheria moja karakanani: hakuna kugusa skrubu ya kabureta kabla ya kuhakikisha hewa haiingii mahali pasipo pake. Wengi huanza na bisibisi, na hao ndio wanaoninunulisha pistoni.

Ninaposema "iliyoongezwa nguvu" nina maana ya mambo haya: ekzosi iliyotanuliwa, gasketi ya chini iliyotolewa ili kompresheni (mbano wa hewa silindani) ipande, madirisha ya silinda (matundu ya kupitishia mafuta na moshi) yaliyochongwa, silinda kubwa kuliko ya asili, au flaiwili (gurudumu lenye sumaku za cheche) iliyosogezwa ili cheche iwahi. Mifano yangu mingi ni ya mashine za saizi ya MS 381 ya Stihl, yenye pistoni ya milimita 52 na ujazo wa sisi (cc) 72.2, kwa kuwa ndizo nyingi huku, lakini dalili ni zilezile kwa nyingine.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya wa plagi. Fungua mlango na dirisha, na jiko la makaa likae mbali. Mvuke wa petroli hutambaa chini sakafuni na kulifuata. Na usiikanyagie mafuta mpaka mwisho ikiwa haina baa (bamba linalobeba mnyororo) na mnyororo wake.

"Haiwaki kabisa"

Mara nyingi ni petroli iliyolala. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali, iliyotangazwa Februari 2018, ilizilaza pawaso nyingi za msitu wa Mau zikiwa na mafuta tangini, na bado huletwa moja moja. Petroli hiyo imegeuka gundi. Mwaga yote, badilisha filta ya tangini, weka mchanganyiko mpya.

Kisha plagi. Ikitoka imelowa, injini imekunywa kupita kiasi: ikaushe, rudisha choki iwe wazi, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje na waya wake ukiwa mbali na tundu, halafu rudisha. Ikitoka kavu baada ya kuvuta mara kumi, mafuta hayafiki. Hapo tazama mpira wa mafuta kama umepasuka shingoni, kisha diaframu za kabureta, ambazo zikizeeka hukauka na kulia kama karatasi ya mkate ukizikunja. Diaframu nzuri ni laini kama kitambaa.

Pengo la plagi liwe milimita 0.5. Angalia pia urefu wa uzi wake. Plagi ya gari inaweza kuwa na uzi wa milimita 14 kama ya pawaso na ikaingia vizuri kabisa, lakini ikiwa ndefu itagonga kichwa cha pistoni. Nimeona pistoni tatu zenye alama hiyo, na wenyewe wote walisema plagi "ilishika vizuri sana."

Kama hakuna cheche, chomoa ule waya mdogo wa swichi kwenye koili ujaribu tena. Cheche ikirudi, swichi au waya wake unagusa bodi mahali fulani. Isiporudi, pima nafasi kati ya koili na sumaku za flaiwili, kati ya milimita 0.2 na 0.3, kadi nyembamba ya biashara inatosha kama huna fila geji. Koili yenyewe ndiyo ya mwisho kulaumiwa, ingawa ndiyo ya kwanza kununuliwa.

"Inawaka, lakini ukifinya mafuta inazima"

Kama mtu ametanua ekzosi hivi karibuni, hakuna haja ya kwenda mbali. Moshi unatoka haraka, hewa mpya inaingia kwa wingi, na kabureta bado inagawa mafuta ya zamani. Fungua skrubu ya L, ya mafuta ya mwendo wa chini, robo ya mzunguko, jaribu. Ile ya H, ya mwendo wa kasi, tutaifikia.

Kama ekzosi haijaguswa, tazama wavu wake mdogo wa kuzuia cheche. Mashine inayopewa oili nyingi huujaza masizi mpaka injini haiwezi kupumua. Utoe, uuchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu, upige brashi ya waya, uurudishe. Nasema uurudishe. Najua wengi huutupa ili "ipumue", lakini Januari na Februari nyasi za Mau huwa kama karatasi, na cheche moja haina adabu.

Yakibaki matatizo, shuku kile kimpira kidogo kinachotoa pigo la pumzi kwenye chumba cha kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kulipeleka kwenye kabureta. Ndicho kinachosukuma pampu ya mafuta. Kikichubuka au kikichomoka, mashine inatosheka ikiwa taratibu na kufa njaa ikikimbia.

"Inapanda yenyewe, haishuki hata ukiachia"

Hii ndiyo dalili ya kuheshimu kuliko zote. Mashine inapanda sauti, unaachia mafuta, inabaki juu sekunde mbili tatu au inazidi kulia. Mwenyewe anafurahi kwamba imepata nguvu. Kumbe mafuta yamepungua ndani, na oili huingia pamoja na mafuta, kwa hiyo pistoni inakauka. Izime mara moja kwa swichi. Swichi isipofanya kazi, funga choki. Usiisikilize "kidogo tu".

Hewa huingilia, kwa mpangilio wa ninavyozipata: mpira unaounganisha kabureta na silinda, chini ya silinda mahali gasketi ilitolewa, sili za kranki (mipira ya kuzuia hewa kwenye ncha zake), na mwisho mpasuko wa bodi yenyewe.

Kipimo cha haraka: mashine ikiwa taratibu, ilaze ubavu huu, kisha ule. Sauti ikibadilika sana, nina shaka na sili au mpira. Hicho ni kidokezo tu. Kipimo chenyewe nakifanya kwa kifaa cha hospitali: mpira wa kufinya na geji ya mashine ya kupimia presha ya damu. Geji yake inafika milimita 300 za zebaki, ambayo ni takriban 0.4 bar, na kwa kazi hii inatosha kabisa.

Toa ekzosi na kabureta. Kata tyubu ya baiskeli, ziba dirisha la ekzosi na ule mdomo wa kuingizia mafuta, ukibana kwa vipande vya bati na boliti zilezile. Shusha pistoni chini kabisa ili madirisha yawe wazi kwa ndani. Ingiza pumzi kupitia kile kimpira cha pigo, au kwenye tundu la plagi kwa kiungo kinachofaa. Panda hadi 250, subiri. Sindano ikishuka haraka, paka povu la sabuni kila ungio, zungusha kranki polepole, utazame mapovu. Pawaso nzima hushikilia. Ikishuka chembe kwa nusu dakika sioni shida. Ikianguka mbele ya macho yako, hewa inavuja.

Kikwazo: sili nyingine hushika zikisukumwa kutoka ndani na kuvuja zikivutwa. Kama mapovu hayaonekani lakini mashine bado inapanda, badilisha sili zote mbili. Si ghali. Upande wa klachi utahitaji kufungua klachi, na uzi wake uko kinyume: unafungua kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Zuia pistoni kwa kujaza kamba laini kwenye tundu la plagi. Bisibisi ikiingizwa humo itatoboa pistoni.

Pale gasketi ilipoondolewa, usitumie silikoni ya kawaida ya dukani. Petroli huilainisha, na vipande vyake huingia kwenye kranki. Tafuta gundi ya gasketi iliyoandikwa kwamba inastahimili petroli, paka utando mwembamba, acha ikauke kama maelekezo yanavyosema hata kama mteja amesimama mlangoni akitazama saa.

"Ilikuwa sawa Molo, imefia Kisumu"

Mteja mmoja alileta mashine iliyokuwa imetengenezwa vizuri sana, na fundi aliyeitengeneza si mimi, kwa hiyo nasema bila kujisifu. Ilipasua saiprasi Molo mwezi mzima. Ikapelekwa Kisumu kupasua mkaratusi, na siku ya pili ikashika. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba joto la ziwa limeiua.

Joto lilichangia kidogo. Kubwa ni mwinuko. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,100 na kitu. Hewa ya Molo ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo fundi wa huko hufunga skrubu ya H ili mafuta yalingane na hewa hiyo. Ukiiteremsha mashine Kisumu bila kugusa kitu, hewa nzito inaingia kwa wingi na mafuta ni yaleyale ya Molo. Mashine ya kawaida ingejikokota. Hii yenye ekzosi wazi haikuwa na akiba yoyote.

Basi ukishuka kwenda Kisumu, Busia au Homa Bay, fungua H kwanza, robo ya mzunguko, kisha rekebisha ukiwa hukohuko. Ukipanda, ni kinyume, na hapo hakuna hatari kubwa zaidi ya moshi na uvivu.

Kurekebisha H kwa sikio: injini ikiwa moto, baa na mnyororo mahali pake, finya mafuta yote kwa sekunde mbili tatu bila kukata. Unataka isikike ikigugumia, sauti iliyopasuka kidogo. Ingiza kwenye gogo: mgugumio upotee, sauti isafike. Ukitoa gogoni urudi. Kama sauti ni safi na kali hata hewani, kama mluzi, imekosa mafuta, fungua. Kama inagugumia hata ndani ya gogo, imezidi, funga kidogo. Ukisita kati ya mbili, iache na mafuta zaidi.

Na Kisumu kuna mtego wake wa pili. Oili ya injini za boti ni rahisi kupatikana ufukweni, inauzwa kama oili ya tu-stroki, na ni kweli ni ya tu-stroki. Lakini ile iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa. Pawaso hupozwa na upepo wa flaiwili tu, na joto lake ni kubwa zaidi. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD. Kwa mashine zilizoguswa mimi naweka 1:40, yaani mililita 125 kwa lita 5 za petroli. Pima kwa chupa yenye alama, si kwa kifuniko. Oili ya gari, hata mpya, haichanganywi humu.

Petroli iliyotiwa mafuta ya taa nayo ni sumu kwa kompresheni ya juu: moto unalipuka kabla ya wakati, na kichwa cha pistoni kinaliwa ukingoni kama biskuti iliyogugunwa na panya.

"Inafanya kazi dakika kumi, halafu inakufa"

Inapokufa, fungua kifuniko cha tangi polepole. Ikivuta pumzi kwa sauti na kisha kuwaka, tundu la kupumulia tangi limeziba. Nusu ya kesi zangu ziliishia hapo, kwa dakika tano za kazi.

Kama sivyo, jaribu cheche palepale ingali moto. Koili zinazokufa hufa zikipata joto na kufufuka zikipoa, ndiyo maana ikifika kwa fundi inawaka vizuri na unaonekana mwongo. Kama cheche ipo, pima kompresheni ya moto ulinganishe na ya baridi. Ikishuka sana, ringi zimechoka.

Kuhusu geji: zile ndefu za magari, zenye vali upande wa geji yenyewe badala ya ncha ya kuingilia kwenye silinda, husoma chini kwenye injini ndogo. Usihukumu kifo kwa geji hiyo. Kwa geji inayofaa, mafuta yamefinywa wazi, 150 psi ni mashine yenye afya, chini ya 110 ni ya kufunguliwa. Iliyotolewa gasketi hupita 170. Hapo kamba itakuuma vidole.

"Imenoki"

Kamba haivutiki, au inavutika kama hakuna kitu ndani. Toa ekzosi kwanza uchungulie pistoni kwa tochi kupitia dirisha. Kabla ya kununua chochote, isome:

Mikwaruzo upande wa ekzosi: ilikosa mafuta au oili, au hewa ilivuja. Ndiyo ya kawaida.
Mikwaruzo upande wa kuingilia: vumbi limepita filta. Mara nyingi filta iliyotobolewa "ipumue".
Pande zote nne: ilikanyagwa ikiwa baridi, au pistoni imebana silindani.
Ukingo wa juu ulioliwa: petroli mbaya, cheche iliyowahishwa mno, au kompresheni kupita kiasi.
Ringi iliyokatika mbele ya dirisha: mtu alichonga dirisha pana mno au akaacha kingo kali.

Kuweka pistoni mpya bila kujua ni ipi kati ya hizi ni kununua ya tatu mapema.

Silinda inaweza kupona. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya ngozi ngumu ya silinda. Paka kostiki soda iliyoyeyushwa kidogo kwa kijiti chenye pamba, juu ya alumini hiyo tu. Itachemka mapovu, mapovu yakiisha, alumini imeisha. Suuza kwa maji mengi. Vaa glavu na miwani, fanya nje, na isitiririke kwenye madirisha wala ukingo wa chini wa silinda, kwani huko ni alumini tupu na italiwa vilevile. Kisha pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, au ukiona doa lililofifia ambapo ngozi imebanduka, silinda imekufa.

Hapo fundi wa leth (mashine ya kukereza chuma) atakwambia anaweza kuiboa na kuweka pistoni ya saizi ya pili, kama alivyofanya ile ya boda boda. Usikubali. Silinda ya boda boda ya kawaida ina slivu ya chuma. Hii ni alumini yenye ngozi nyembamba sana, na leth itaing'oa yote. Hata nikimheshimu fundi namna gani, hili si la kujadili naye.

Ukirudisha: sukuma ringi mpya peke yake ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni na upime pengo la ncha zake. Kwa silinda ya milimita 52 nataka angalau 0.2. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Klipu za pini ziwe mpya, midomo yake itazame juu au chini, kamwe si pembeni, na ziba mdomo wa bodi kwa kitambaa unapoziweka, kwa sababu zinapenda kuruka.

Kama gasketi ya chini haipo, pima nafasi kati ya pistoni na dari ya silinda. Chukua waya laini wa solda, uingize kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta upande wa pini, zungusha kranki kwa mkono, toa, pima pale palipobonyezwa. Rudia upande wa pili. Chini ya milimita 0.5, rudisha gasketi. Injini ikipata moto vyuma hujinyoosha, na pistoni itaanza kubisha hodi juu.

Ukichonga dirisha la ekzosi, usizidi asilimia 65 ya upana wa silinda, yaani milimita 33.8 kwa hii ya 52, na kingo zote uzilainishe kwa msasa wa vitambaa mpaka kidole hakihisi ncha. Mimi siku hizi sichongi kabisa isipokuwa mteja aking'ang'ana. Ekzosi na kabureta iliyorekebishwa vizuri humpa karibu kila anachotaka.

"Kamba inaninyang'anya mkono"

Flaiwili imesogezwa mno, au kile kiufunguo chake kimekatika na imejisogeza yenyewe. Kiangalie hicho kwanza. Kama kilichongwa kwa makusudi, weka kipya. Kama kompresheni ndiyo kubwa, silinda yenye kitufe cha kupunguzia presha wakati wa kuwasha itamaliza ugomvi. Usiendelee kuvuta kwa nguvu: nimewahi kufungwa bandeji wiki mbili kwa ukaidi huo.

"Mnyororo unazunguka hata ikiwa taratibu"

Punguza skrubu ya taratibu. Usipotulia, springi za klachi zimelegea au moja imekatika. Kama breki ya mnyororo nayo haishiki, mashine haitoki karakanani, hata mwenyewe akisema anaijua.

"Kuna kelele ya chuma chini"

Toa silinda, shika mkono wa pistoni uutikise juu na chini. Usiwe na mchezo wowote. Kuyumba kidogo kwa ubavu ni kawaida. Shika flaiwili uisukume juu na chini vilevile. Mchezo hapo ni beringi kuu, na beringi kuu maana yake ni kutenganisha bodi nusu mbili, kwa joto na presi, na kurudisha kranki ikiwa imenyooka. Bodi yenye ufa ni hivyohivyo. Hapa naweka spana chini na kumpelekea fundi mwenye presi na vifaa vya kazi hiyo, nikimlipa bila kubishana.

Niliwahi kujaribu moja kwa nyundo na kipande cha mbao ya saiprasi. Kranki yake ilipinda, na bado ninayo: huuzuia mlango wa karakana usifungwe na upepo.